Kushuka Lushoto kwa pikipiki: breki inalegea, kona inanitoa upande wangu

Swali: Mimi ni afisa ugani, nimehamishiwa Soni, wilaya ya Lushoto, nikitokea Handeni. Pikipiki yangu ni cc 150, breki za drami mbele na nyuma. Kupanda sina shida. Kushuka kwenda Mombo ndiko kunakonitoa jasho. Nikikaribia chini breki ya nyuma inakuwa laini, nakanyaga inazama tu, na kwenye kona najikuta nimetanuka hadi upande wa wanaopanda. Vijana wa bodaboda hapa wananishauri nitoe gia niteremke bure niokoe mafuta, na breki ya mbele nisiiguse kabisa kwa sababu itanirusha. Wikiendi huwa nampakia mke wangu. Je, niuze hii nichukue yenye diski, au tatizo ni mimi?

Jibu: Ndugu yangu, huo ushauri wa kutoa gia ndio unaoipika breki yako. Breki ikishapikwa, unaingia kwenye kona na mwendo usioutaka, ukatanuka. Unaniuliza mambo mawili lakini chanzo ni kimoja. Umezoea Handeni, ambako barabara ikiteremka inateremka kidogo, halafu inatulia, na breki nazo zinapata nafasi ya kupoa. Barabara ya Mombo hadi Lushoto haikupi nafasi hiyo.

Nianze na hesabu. Lushoto mjini pako kwenye mwinuko wa mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Mombo kwenye mita kama 400. Tofauti ni mita 1,000, kwa njia inayozidi kilomita 30 kidogo tu, na kipande chako cha Soni hadi Mombo ndicho kinachoshusha zaidi. Sasa chukua pikipiki, wewe, mkeo na mzigo kidogo, tuseme kilo 270. Kuuteremsha uzito huo mita 1,000 na kuufikisha chini salama kunahitaji breki au kitu kingine kimeze nguvu iliyo sawa na kuisimamisha pikipiki hiyo hiyo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi sifuri, mara 70. Upepo na matairi vinameza sehemu yake. Kinachobaki kinakwenda kwenye injini au kwenye breki, hakuna pengine. Ukitoa gia, injini umeiondoa kazini. Ukiacha kugusa breki ya mbele, nayo umeiondoa. Kazi yote ya mlima umeibebesha drami moja ya nyuma, ambayo kipenyo chake hakizidi kiganja cha mtu mzima kwa mengi. Ingekuwa ajabu isingelegea.

Kinachotokea mle ndani ni hiki. Breki shuu zinasugua ukuta wa drami, joto linapanda, chuma kinapanuka. Drami ikipanuka, ukuta wake unasogea mbali na breki shuu, kwa hiyo kanyagio linakwenda chini zaidi kabla ya kushika. Wakati huo huo, laini ya breki shuu, yaani ule utando wake unaosugua, ikipita joto lake inapoteza ukali. Uso wake unang'aa na kuteleza badala ya kushika. Hapo ndipo unapokanyaga na pikipiki haisikii. Ukifika Mombo ukanywa chai nusu saa, drami imepoa, breki imerudi, na fundi akiangalia anakwambia haioni shida yoyote. Hakudanganyi. Anaiangalia ikiwa ya baridi.

Hapa kuna kosa ambalo nimeliona kwa mafundi na kwa madereva pia: breki ikilegea katikati ya mteremko, mtu anasimama, anakaza ile nati ya fimbo ya breki ya nyuma hadi kanyagio linarudi juu, anaendelea. Drami ikipoa inasinyaa, na breki shuu sasa zinagusa ukuta muda wote, hata hujakanyaga. Unatembea na breki inayojisugua yenyewe, na mlima unaofuata inachemka mapema zaidi kuliko jana. Nati hiyo ikazwe breki ikiwa ya baridi, gurudumu likizungushwa kwa mkono lizunguke bila kukwaruza. Na ukisimama na drami ya moto usiimwagie maji. Iache ipoe kwa hewa.

Basi, gia. Siku hizi napenda kumwambia mtu achukulie kuwa breki yake ya kwanza mlimani ni injini, na hizo mbili nyingine ni za kusaidia. Ukiachia mafuta huku gia ikiwa ndani na klachi umeiachia, gurudumu la nyuma linalazimika kuizungusha injini, na injini inakataa kuzungushwa. Kukataa huko ndiko kunakokushikilia, na joto lake linatoka kwenye mapezi ya injini na kwenye ekzosi, mahali palipotengenezwa kubeba joto. Kadiri gia inavyokuwa ndogo ndivyo injini inavyokushika zaidi.

Gia ipi? Madereva wa malori wana kanuni ya siku nyingi: mlima unaoupanda kwa gia fulani, ushuke kwa gia hiyo hiyo. Kwa pikipiki inafaa kuanzia hapo. Kipimo chenyewe ni rahisi: achia mafuta kabisa, usiguse breki, sikiliza. Kama mwendo unatulia au unaongezeka polepole sana, hiyo ndiyo gia yako. Kama unaongezeka haraka, shuka gia moja. Kwa pikipiki kama yako, sehemu kali chini ya Soni mara nyingi itakuwa ya pili, na ile miteremko mirefu isiyo mikali itakuwa ya tatu. Mlio utapanda kidogo na utadhani unaiumiza injini. Huiumizi, maadamu oili ipo na haijazeeka. Pampu ya oili inazunguka na injini, kwa hiyo mzunguko ukiwa mkubwa oili nayo inasukumwa vizuri. (Wale wenye pikipiki za zamani za kuchanganya oili na petroli, ambazo idara za kilimo ziliwahi kugawa kwa wingi, wana hadithi nyingine: mafuta yakifungwa muda mrefu na oili inakosa kufika, kwa hiyo wao hulazimika kufungua mafuta kidogo kila baada ya muda. Yako si ya aina hiyo.)

Gia uipange kabla mteremko haujaanza. Mtu anayesubiri mwendo ushike ndipo ateremshe gia kutoka ya nne hadi ya pili na kuachia klachi kwa ghafla, gurudumu la nyuma litaruka na kuteleza, na ikimkuta kwenye kona ataanguka. Kama umechelewa, punguza kwanza kwa breki, kisha shuka gia moja moja, ukiachia klachi taratibu.

Kuhusu akiba ya mafuta: pikipiki ikiwa na gia na mkono wa mafuta umefungwa, kabureta inapitisha petroli ya kiwango cha sailensa tu, kile cha injini ikinguruma bila kupewa mafuta. Anayetoa gia na kuzima injini kabisa anaokoa kidogo sana kwa safari nzima, na anakilipa kwa breki shuu kila mara, kama hajakilipa kwa mguu. Zaidi ya hayo, kwenye pikipiki nyingi za aina yetu taa kubwa inategemea injini kuzunguka. Injini ikizimwa kwenye ukungu wa asubuhi, Fuso linalopanda halikuoni. Na ukitaka gia irudi ndani ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, mguu unatafuta, gurudumu linagoma, na kona imeshafika.

Sasa breki ya mbele, ambayo imesingiziwa sana Afrika Mashariki nzima. Unapofunga breki, uzito unaegemea mbele, unausikia mikononi. Gurudumu la mbele linakandamizwa kwenye lami, la nyuma linakuwa jepesi. Mteremkoni uzito umeegemea mbele hata kabla hujafunga. Maana yake gurudumu lenye uwezo wa kushika ni la mbele, na wewe unalikataza kufanya kazi. La nyuma, ambalo ni jepesi, ukilikanyaga kwa nguvu linajifunga na kuanza kuteleza kwenda upande. Wengi wa wanaosema walirushwa na breki ya mbele ukiwahoji vizuri utakuta mambo matatu: waliibana ghafla kwa vidole vyote, au usukani ulikuwa umekatwa, au walikuwa juu ya mchanga. Breki ya mbele haina ugomvi na mtu anayeikamata taratibu pikipiki ikiwa imenyooka.

Jinsi ya kuikamata: kwanza gusa, vidole viwili vinatosha, hadi usikie pua ya pikipiki inazama kidogo. Hapo uzito umeshafika mbele na tairi limeshika. Ndipo uongeze nguvu. Kati ya kugusa na kuongeza kuna kama nusu sekunde, na hiyo ndiyo inayomtofautisha anayesimama na anayeanguka. Nyuma unasaidia kwa mguu mwepesi. Nenda Mombo kwenye kipande cha lami iliyonyooka, siku isiyo ya gulio, ufanye zoezi hili peke yako bila mzigo: kilomita 20 kwa saa, kisha 30, kisha 40. Usitoke pale hadi mkono uifanye bila kuufikiria, maana mlimani hutakuwa na muda wa kufikiria.

Jambo jingine kuhusu breki kwenye mteremko mrefu: usizivute kidogo kidogo muda wote. Tabia ya kuteremka mguu ukiwa juu ya kanyagio, breki ikisugua polepole kilomita nzima, ndiyo inayochemsha drami kuliko yote. Acha injini ikushike. Mwendo ukizidi, funga breki zote mbili kwa uhakika, mwendo ushuke kabisa chini ya ule unaoutaka, kisha uachie kabisa zipoe. Funga, achia. Ukisikia harufu kali ya kuungua, au kanyagio limeanza kuzama, tafuta mahali papana pa kusimama mbali na kona, upumzike. Hakuna aibu. Mwenye Fuso la kabichi naye husimama.

Tukija kwenye kona, kwanza nikupe picha ya mwendo. Kwenye lami kavu na tambarare, mtu aliye macho anayekwenda kilomita 40 kwa saa anahitaji karibu mita 23 tangu aone hatari hadi asimame. Akienda 60, anahitaji karibu mita 45. Mwendo umeongezeka kwa nusu, umbali umekaribia mara mbili. Mteremko unaongeza tena, mvua inaongeza tena. Sasa angalia kona zako za chini ya Soni zilizobanwa na mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine: ni ngapi unazoona mita 45 mbele? Kanuni ninayowapa wanafunzi ni hii: nenda kwa mwendo utakaokuwezesha kusimama ndani ya sehemu ya barabara unayoiona iko wazi. Na panapokuwa pembamba kiasi kwamba wewe na gari kubwa hamuwezi kupishana kwa raha, iwe ndani ya nusu ya unachokiona, kwa sababu na mwenzako anakuja.

Kona unaisomaje? Tazama mbele mahali ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana. Ukiwa unakwenda na pale zinapokutana panakukimbia, kona inafunguka, unaweza kushikilia mwendo. Panapobaki pale pale huku wewe unasogea, kona inazidi kukaza. Panapokujia mbio, punguza sasa hivi, pikipiki ikiwa bado imesimama wima. Baada ya muda jicho linafanya hivyo lenyewe. Usitegemee nguzo za umeme wala miti kukuonyesha barabara inakoelekea; mara nyingi waya unakata moja kwa moja bondeni, barabara imezunguka.

Kwa kuwa tunaendesha kushoto, kona za kushoto na za kulia zina tabia tofauti. Kona ya kushoto ni ya ndani kwako, huoni kitu kwa sababu mwamba au ukingo wa udongo uko karibu na bega lako. Isogelee ukiwa upande wa kulia wa njia yako ili upate kuona zaidi, lakini usiguse mstari wa kati. Kwenye kona ya kulia kumbuka ukilaza pikipiki karibu na mstari huo, kichwa na bega vinaweza kuuvuka hata kama matairi hayajavuka, na Coaster linalopanda halipimi matairi yako. Kona hiyo ya kulia inakupa macho zaidi ukikaa kushoto, ila huko kushoto ndiko kwenye mchanga, kokoto na ukingo wa korongo, kwa hiyo acha nafasi. Na popote pale usikate kona kupitia upande wa wenzako, hata kama jana ulikata ukapita salama.

Umesema unatanuka. Nitakueleza kinachotokea bila kukuona, kwa sababu ni kile kile kwa karibu kila mtu. Unaingia na mwendo uliozidi kidogo, breki imelegea, unaogopa. Mikono inakaza. Jicho linatazama kile unachokiogopa, yaani lori au ukingo wa pili, na pikipiki inakwenda jicho linakotazama. Unakanyaga breki katikati ya kona, pikipiki inajiinua kutoka kulala na kutaka kunyooka, na kunyooka kwenye kona ni kutoka nje. Dawa yake inaanza kabla ya kona: breki zifungwe barabara ikiwa imenyooka, gia iwe tayari, uachie breki, ndipo uiingie. Ndani ya kona, mafuta yawe yamefunguliwa kidogo kabisa, kiasi cha kuifanya pikipiki isivutwe wala isisukume. Ukiona umeingia polepole kuliko ulivyohitaji, hiyo ni hasara ya sekunde mbili.

Na kuna jambo la usukani ambalo watu wanalifanya bila kujua wanalifanya. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 30 na kuendelea, pikipiki unailaza kwa kusukuma mkono wa usukani wa upande unaotaka kwenda. Unataka kushoto, sukuma mkono wa kushoto mbele, kidogo tu. Pikipiki inalala kushoto na kugeuka kushoto. Ukiisoma karatasini inaonekana kinyume. Jaribu kwenye barabara iliyonyooka, isiyo na gari, sukuma taratibu uone. Faida yake inakuja siku utakayoingia kwenye kona na mwendo umezidi: usikanyage breki kwa hofu, geuza kichwa utazame mwisho wa kona, sukuma zaidi mkono wa ndani. Tairi zima lenye upepo sahihi, kwenye lami kavu, lina uwezo wa kulala zaidi ya unavyothubutu kuliomba. Walio wengi walioanguka kwenye kona waliacha kugeuza mapema, tairi lilikuwa bado lina nguvu.

Neno hilo "lami kavu" lisikupite. Barabara yako ina mambo yake. Mvua za masika, Machi hadi Mei, na zile za vuli zinateremsha udongo mwekundu na mawe kutoka kingoni, na asubuhi yake unakuta kwenye kona tandiko la matope ambalo jana halikuwepo. Mwezi wa sita na wa saba kuna baridi na ukungu, vidole vinakufa ganzi na mkono wa breki unachelewa; glavu hata za bei ndogo zinasaidia. Malori yaliyojaza tangi hadi mdomoni humwaga dizeli kwenye kona, hasa zile kali. Ukisikia harufu ya dizeli, au ukiona mng'ao wa rangi rangi juu ya lami yenye unyevu, pita wima na polepole. Matawi mabichi yakitupwa barabarani, dereva wa gari lililoharibika anakuambia kuna gari limekwama mbele, mara nyingi nyuma tu ya kona. Likiondoka, mawe waliyozibia matairi yanabaki pale pale. Mtu wa mlima Kitonga, kule Iringa, atakwambia hayo hayo.

Magari makubwa hayawezi kukata kona ya U bila kuchukua barabara nzima. Hiyo si dharau, ni urefu wa gari. Ukisikia injini kubwa inapanda au honi inapigwa, simama kabla ya kona, kushoto, umuachie apite. Nawe piga honi kabla ya kila kona usiyoona mwisho wake, hasa karibu na vijiji, maana watoto wa shule na akina mama wenye mizigo kichwani wanatembea kwenye lami kwa kuwa pembeni hakuna pa kutembea.

Kupanda umesema huna shida, kwa hiyo nitapita haraka. Injini isiyo na mashine ya kusukuma hewa hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo usihesabu kulipita gari juu kama unavyolihesabu Mombo. Usikae nyuma ya lori lililojaa linalopanda kwa tabu. Likishindwa linarudi nyuma kwanza, dereva anatafuta breki baadaye.

Mkeo. Abiria anabadilisha pikipiki nzima: uzito umeongezeka, uko juu na nyuma, na breki zina kazi zaidi. Kabla ya kuondoka mkubaliane mambo machache. Akae kwa kupanua miguu, asikae upande, hata kama amevaa kitenge. Avae suruali ndani na kitenge akifunge vizuri, kwa sababu nguo inayopepea ikiingia kwenye spoku au cheni hakuna breki itakayomwokoa. Kwenye kona asikaze mwili wala asijivute upande wa pili kwa hofu. Atazame juu ya bega lako la upande mnaokata, mwili utafuata wenyewe. Mnapoteremka na kufunga breki atateleza kukujia mgongoni, na uzito wake ukitua mikononi mwako huwezi kugeuza usukani vizuri. Ashike chuma cha nyuma kwa mkono mmoja, na wewe ubane tangi kwa magoti ili mikono ibaki legevu. Yeye pia awe na kofia ngumu, iliyofungwa kidevuni. Shirika la Afya Duniani lilisema kwa miaka mingi kwamba kofia nzuri iliyovaliwa sawasawa hupunguza uwezekano wa kufa kwa karibu asilimia 40, na iliyoning'inizwa kwenye kiwiko haimo kwenye hesabu hiyo. Kuongeza mtoto katikati awe mtu wa tatu, mishikaki, kwa mlima huu nakukatalia kabisa.

Upepo wa matairi uupime yakiwa ya baridi. Kwa pikipiki nyingi za aina yako ni kama psi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 nyuma ukiwa na abiria, lakini soma kibandiko au kitabu chake. Vijana hujaza hadi tairi linakuwa gumu ili libebe magunia. Tairi hilo linagusa lami kidogo mno na kwenye kona yenye unyevu linakuachia.

Umeuliza kama uuze ununue ya diski. Diski inapoa haraka kwa kuwa iko wazi kwenye hewa, na kwa mlima ni bora, sikatai. Lakini inakuja na maji ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 3, aina moja ya maji hayo, ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi joto 205 au zaidi. Ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140 tu, na ikichemka mkono wa breki unafika kwenye usukani bila kushika chochote. Mwenye diski anayeteremka bila gia na ambaye hajawahi kubadilisha maji hayo atayapata yale yale unayoyapata wewe, tena kwa ghafla zaidi. Kwa sasa usiuze. Weka breki shuu mpya mbele na nyuma, kwa kuwa hizo zako zimeshaungua na hata zikisuguliwa kwa msasa hazirudi kama zamani. Badilisha waya wa breki ya mbele kama una nyuzi zilizokatika. Mwambie fundi akague ukuta wa drami kama umechimbika. Breki shuu mpya zinahitaji kuzoeana na drami, kwa hiyo wiki ya kwanza zifanyie kazi zako za Soni na vijiji vya jirani, peke yako, kabla ya kumpakia mkeo kuteremka naye Mombo.